Hesabu ya manjanja kabla ya kuenda kenkayeri: kupima nyumba, kuhesabu mbao, misumari na fetieri

Kosa lenye ninaonaka mara mingi hapa Goma ni hili. Mtu anapima paa, urefu mara upana, anapata meta kare (mita za mraba), anagawanya na ukubwa wa manjanja moja, anabeba franga anaenda kununua Birere, kartie ya maduka. Fundi anapanda juu, kesho yake anashuka anasema, papa, manjanja zimekwisha na upande mmoja bado uko wazi. Hata mimi nilifanya vile kwa nyumba ya mama mdogo wangu kule Ndosho, ya mita 8 kwa 6. Hesabu ya meta kare ya paa ilituambia manjanja 27, kumbe nyumba ilikuwa inataka 35. Franga ilikuwa imekwisha, tukafunika na shitingi (turubai), mvua ikaingia mpaka kwenye matela za watoto. Tangu pale nahesabu kwa mistari, si kwa meta kare, na ile nyumba njo nitaitumia hapa kama mfano toka mwanzo mpaka mwisho, ili kila namba uione yenyewe inatoka wapi.

Manjanja ni mabati, ndugu zetu wa Lubumbashi wanasema malata. Ni kitu kimoja. Kenkayeri ni duka la vifaa vya kujenga, na fetieri ni ile manjanja ya kufunika kilele cha paa.

Unahitaji mita ya kuvuta, nzuri zaidi ile ndefu ya mita 20 ao 30 kuliko ile fupi ya 5, uzi wa nailoni, nivo (pimamaji) ao mpira wa maji, kalamu na kaye (daftari). Angalia mita yako kwanza, ile ndoano ya mwanzo inakatikaka ao inalegea na unapoteza sentimita 1 ao 2 kila ukipima. Kama imekatika, anzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha toa 10 kwenye jibu. Na usisahau kuzitoa.

HATUA YA 1: PIMA MANJANJA YENYEWE

Watu wanaanzaka na nyumba. Mimi nasema anza na manjanja, juu manjanja njo kipimo chako cha kazi yote. Enda kenkayeri, omba wakuonyeshe ile yenye uko na nia ya kununua, uipime wewe mwenyewe urefu na upana. Usiamini ile namba wanakutajia kwa mdomo, kuko manjanja zinaitwa za mita 3 na ukipima unakuta pungufu, na upana unabadilika kufuatana na kiwanda na idadi ya migongo.

Ile ya Ndosho ilikuwa na urefu wa mita 3 kamili na upana wa sentimita 83. Lakini sentimita 83 haifunike sentimita 83, hapa njo watu wanaangukia. Manjanja moja inapanda juu ya mwenzake kwa ubavu, na hapa kwetu kwenye mvua inaanguka imelala na upepo wa ziwa, mgongo mmoja haitoshe, unataka mgongo moja na nusu, wengine wanaweka miwili. Mgongo mpaka mgongo ni karibu sentimita 7.6, kwa hiyo moja na nusu inakula sentimita 11 na kitu. 83 kutoa 11 na kitu inabaki 71 na kitu, mimi nikaandika 70, juu fundi hata akiwa mzuri haendeke sawa mpaka mwisho wa nyumba. Ile 70 njo upana wa kweli wa kazi. Uandike kwa kaye yako kubwa kabisa.

Kwa urefu nayo kuko kupandana, ile ya juu inalala juu ya ile ya chini. Kama paa imesimama vizuri sentimita 15 inatosha, kama imelala weka 20, na kama imelala sana hata 30. Mimi naandika 20 siku zote.

Ukinunua zile za rangi zenye migongo ya pembe nne, zenye wanakatia kiwandani kwa urefu wenye unataka, hesabu ni ileile ila upana wa kazi unakuwa mwingine, pima ile umeonyeshwa. Faida yake ni kwamba hakuna kupandana kwa urefu, unaagiza urefu wa paa na imekwisha.

HATUA YA 2: PIMA NYUMBA

Pima kuta kwa inje, si kwa ndani, pande zote 4, hata kama mwenye nyumba anakuapia kama ni 8 kwa 6. Nyumba mingi za mu mji wetu zimejengwa juu ya mawe ya volkano, hasa upande wenye moto wa volkano ya Nyiragongo wa 2002 ulipita, na kuweka kona sawa juu ya yale mawe si kazi ndogo, unakuta ukuta wa mbele ni 8.00 na wa nyuma 8.12.

Kisha pima kona kwa kona, mara mbili, kama unachora X. Zile mbili zikiwa sawa, nyumba iko mraba. Kwa nyumba ya 8 kwa 6 iko rahisi, kila X inapaswa kutoa mita 10 kamili. Zikiachana sentimita 2 ao 3, si kitu, upenu utaficha. Zikiachana sentimita 10 ao 15, manjanja zitaanza kutembea, utaanza sawa upande mmoja na kufika upande mwingine ziko zimepinda, na utakata ya mwisho kwa mshazari. Pale suluhisho ni kunyoosha kwa mbao: unavuta uzi, unaweka pane (zile mbao zenye manjanja inagongwa juu yake) zikiwa sawa na uzi, hauzifuatishe na ukuta. Hesabu yako unaifanya na kile kipimo kikubwa.

Chora. Chora nyumba kwa kaye kama unaiangalia toka juu mbinguni, na mara ya pili kama unaiangalia kwa pinyo, ule upande wa pembe tatu. Mchoro mbaya una faida kuliko namba zenye unashika kwa kichwa.

HATUA YA 3: UPENU NA MTEREMKO

Upenu ni ile sehemu ya paa inatoka inje ya ukuta. Kwa nyumba ya planshe (mbao) usifanye upenu mufupi, maji ikianza kupiga planshe za chini zinaoza. Kule Ndosho tulipanga sentimita 50 mbele na nyuma, na 40 kwa kila pinyo.

Basi urefu wa paa ni 8 + 0.40 + 0.40 = mita 8.80.
Na nusu ya upana ni 3 + 0.50 = mita 3.50. Hii ni kipimo cha kulala chini, bado si cha paa.

Mteremko, ao pante kama mafundi wanasema, wanaihesabuka kwa mia: kila mita 1 ya kuenda mbele, unapanda sentimita ngapi. 30 kwa mia maana yake unapanda sentimita 30 kwa kila mita. Kwa manjanja zenye ziko na kupandana kwa urefu sipendi kushuka chini ya 20, maji inatembea pole na upepo unairudisha nyuma kwenye kupandana. Tulichukua 30. Kwa hiyo toka mwisho wa upenu mpaka kileleni unapanda 3.50 × 0.30 = mita 1.05.

Sasa urefu wa paa wenyewe, ule wa mshazari. Ni hesabu ya pembe tatu yenye tulifundishwa shuleni: 3.50 mara 3.50 ni 12.25, 1.05 mara 1.05 ni 1.10, jumlisha ni 13.35, tafuta mzizi wake mu telefone, inatoka 3.65. Kama hupendi mizizi, zidisha tu kile kipimo cha kulala na moja ya hizi namba:

20 kwa mia: 1.02
30 kwa mia: 1.044
40 kwa mia: 1.077
50 kwa mia: 1.118
100 kwa mia (paa ya kusimama kabisa kama ya kanisa): 1.414

3.50 × 1.044 = 3.65. Ni sawa. Ongeza sentimita 5 zenye manjanja inapita mbao ya mwisho ili maji idondoke ndani ya gutieri (mfereji wa kukamata maji ya paa) isirudi kwenye mbao, unapata mita 3.70. Ile njo urefu wa mstari wako.

Kama paa iko tayari na unabadilisha manjanja tu, usihesabu kitu, panda juu upime mshazari na mita. Pima pande zote mbili, na upime mwanzo, katikati na mwisho.

HATUA YA 4: HESABU MISTARI

Mstari ni manjanja zote toka upenu mpaka kileleni, moja juu ya ingine. Mistari mingapi kwa upande mmoja? Manjanja ya kwanza inafunika upana wake wote, 83. Kila moja inafuata inaongeza 70 tu.

8.80 − 0.83 = 7.97
7.97 ÷ 0.70 = 11.39, unapandisha inakuwa 12
12 + 1 = mistari 13.

Siku zote unapandisha, hata ikitoka 11.05 ni 12, hakuna muuzaji mwenye atakukatia kipande.

Paa iko na pande mbili, kwa hiyo mistari 26.

Mstari mmoja unataka mita 3.70. Manjanja moja nzima inatoa 3, inabaki 0.70, ongeza 0.20 ya kupandana, kipande cha juu kinakuwa sentimita 90. Nzima inakaa chini, kipande kinakaa juu karibu na kilele na kinalala juu ya nzima. Watu wanageuzaka, wanaweka kipande chini, kisha maji mingi ya paa yote inapita kwenye maungio.

Vipande vya sentimita 90 vinatoka vitatu ndani ya manjanja moja ya mita 3 (2.70, inabaki kidogo). Vipande 26 ÷ 3 = 8.67, yaani manjanja 9.

26 + 9 = 35. Ongeza 1 ya kuharibika, ni 36.

Sasa linganisha na ile njia ya meta kare: 8.80 × 3.70 × 2 = 65.1, gawanya na 2.49 ya manjanja moja (3 × 0.83), unapata 26.2, unanunua 27. Njo vile tulikosa manjanja 8. Mahali pa kupandana pote palihesabiwa kama panafunika mara mbili.

HATUA YA 5: HAPA NJO UNAPATA FRANGA YAKO

Hii hatua mafundi wengi hawaifanyi na mimi naiona ni ya maana kupita zote, juu inafanyika kwa kalamu tu na inaokoa manjanja za kweli.

Angalia ile mistari 13. Inafunika 0.83 + (12 × 0.70) = mita 9.23. Sisi tulikuwa tunahitaji 8.80. Kwa hiyo sentimita 43 za manjanja ya mwisho, pande zote mbili, toka chini mpaka juu, zinakatwa zinatupwa ao zinafichwa kwa kupandana zaidi. Sasa jiulize, mistari 12 ingefunika ngapi? 0.83 + (11 × 0.70) = mita 8.53. Toa 8 ya ukuta, inabaki 0.53, ni sentimita 26 za upenu kila pinyo pahali pa 40. Ukikubali kupunguza upenu wa pinyo sentimita 14 kila upande, unahitaji mistari 24, yaani nzima 24 na vipande 24, vipande vinatoka ndani ya 8, jumla manjanja 32. Umeokoa 3.

Je ukubali? Kama pinyo iko upande wenye mvua inapigaka, hapana, weka 40 na ulipe. Kama iko upande wa jirani wenye umefungwa na ukuta wake, kubali. Kila mtu anajua mvua ya kwake inatoka wapi. Ila uamue ukijua, isiwe kenkayeri njo imekuamulia.

Na kwa mwenye bado hajajenga: fikiria manjanja mbele ya kuchimba musingi. Nyumba ya upana wa mita 5, upenu 40, mteremko 20 kwa mia, inatoa 2.90 × 1.02 = 2.96, na sentimita 4 zinabaki za kupita mbao ya mwisho. Manjanja moja ya mita 3 inafunika toka upenu mpaka kilele, hakuna kipande, hakuna kupandana kwa urefu, hakuna mahali pa kuvuja katikati. Ukijenga upana wa 5.50 tayari umeingia kwenye vipande. Ile nusu mita mu sebule ni kitu, sikatae, lakini ujue inakudai nini juu.

HATUA YA 6: MBAO

Mbao za hapa nyingi ni za mikaratusi, na mara mingi zinakuja na mita 4, lakini pima nazo, kuko zenye ni 3.80. Na usinunue mbao mbichi ya jana, ikikauka juu ya nyumba inajipinda na misumari inalegea.

Ferme, ile pembe tatu ya mbao yenye inabeba paa, tuliiweka kila mita 1.60. Ukuta ni mita 8, 8 ÷ 1.60 = nafasi 5, kwa hiyo ferme 6 (nafasi zikiwa 5, ferme ni 6, usisahau ile ya mwisho). Kwa kila ferme:

miguu 2 ya mshazari, 3.65 kila moja: mbao 2
antre, ile mbao ya chini toka ukuta mpaka ukuta, mita 6 kwa vipande viwili vyenye vimepandana mita 1 kati: mbao 2, na inabaki mita 1
nguzo ya katikati, sentimita 90: inatoka kwenye ile mita 1 yenye imebaki
mikono 2 ya kukaza, 1.57 kila moja: mbao 1

Mbao 5 mara 6 ni 30.

Pane ni zile mbao zinalala juu ya ferme zenye manjanja inagongwa. Umbali wake unategemea uzito wa manjanja. Nyepesi kama BG 32 (BG ni namba ya unene, naielezea kule chini) usipitishe sentimita 60 ao 65, fundi akikanyaga kati inabonyea na hairudi tena. BG 28 inavumilia 90. Sisi tulikuwa na BG 32: 3.65 ÷ 0.65 = 5.6, inakuwa nafasi 6, pane 7 kila upande, 14 zote, umbali wa kweli 61. Angalia kama pane moja inaangukia pahali manjanja mbili zinapandana, kama hapana isogeze, juu pale unahitaji mbao ya kugongea.

14 × 8.80 = mita 123.2, gawanya na 4 ni 30.8. Lakini maungio ya pane lazima yalale juu ya ferme, hayaninginiki hewani, kwa hiyo unakata na kupoteza. Ongeza moja ya kumi: mbao 34.

Planshe za pembeni, zile za kufunika ncha: mbele na nyuma 8.80, planshe 3 kila upande ni 6, kwa pinyo mishazari 4 ya 3.65, planshe 1 kila moja ni 4. Jumla 10.

Na waya wa kufunga ferme kwenye ukuta. Watu wanasahau huu kila siku, na upepo ukiingia chini ya upenu unainua paa nzima kama mfuniko wa sufuria. Pahali 12 (ferme 6, pande mbili), mita 2 kila pahali, ni mita 24. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya paa.

HATUA YA 7: MISUMARI

Misumari ya manjanja, ile yenye kofia, inagongwa juu ya mgongo, si ndani ya mfereji. Mu mfereji njo maji inatembea. Weka na kipira chini ya kofia.

Kwa kila mstari tuko na pane 7. Ile ya chini kabisa, ya juu kabisa na ya kwenye kupandana zinakamatwa na upepo zaidi, weka misumari 5 kwa kila manjanja. Zile 4 zinabaki, misumari 3. 

(3 × 5) + (4 × 3) = 27 kwa mstari
27 × 26 = 702
na 60 hivi za fetieri: 762
na moja ya kumi ya kupinda na kuanguka mu mawe: 838.

Wanauza kwa kilo, si kwa hesabu. Omba wakupimie robo kilo, uihesabu pale pale mezani. Sisi tulipata 30, maana yake 120 kwa kilo, 838 ÷ 120 ni kilo 7. Muuzaji mwingine na misumari ya ukubwa mwingine itatoka hesabu ingine, kwa hiyo ihesabu wewe.

Ya mbao: pane 14 zinakutana na ferme 6, ni pahali 84, misumari 2 kila pahali, 168, za sentimita 10. Za kufunga ferme ongea na fundi wako, inategemea unene wa mbao.

HATUA YA 8: FETIERI NA GUTIERI

Fetieri ile ya kilele zetu zilikuwa za mita 2, zinapandana 15, inabaki 1.85 ya kazi. 8.80 − 2 = 6.80, ÷ 1.85 = 3.7, inakuwa 4, + 1 = fetieri 5.

Gutieri za mita 2, zinapandana 10: 8.80 ÷ 1.90 = 4.6, ni 5 kila upande, 10 zote. Vyuma vya kuishika kila sentimita 80: 8.80 ÷ 0.80 = 11, + 1 = 12 kila upande, 24.

Usiseme gutieri utaweka siku ingine. Mu kartie mingi za hapa maji ya robine inakuja ikitaka, na mama wanabeba bidon toka ziwani. Hesabu maji ya paa: milimita 1 ya mvua juu ya meta kare 1 ni litri 1. Hapa unahesabu kipimo cha kulala, si cha mshazari: 8.80 × 7 = 61.6. Mvua moja ya milimita 20 inakupa zaidi ya litri 1,200. Ile ni bidon 60 za litri 20 zenye mtoto hatazibeba.

Lakini uwe makini. Moshi wa Nyiragongo unaingia mu mvua, maji inakuwa na asidi na inabeba florini, na florini haitoke kwa kuchemsha. Ni nzuri ya kufua, kuosha, kumwagilia. Mvua ya kwanza baada ya jua ya siku mingi uimwage, imebeba majivu na vumbi ya paa. Ile asidi njo inakula na manjanja, ukienda upande wa Rusayo kwenye upepo unapelekaka moshi utaona paa zinapata kutu haraka sana. Kwa wenye wanakaa kule, franga ikiwepo, chukua yenye rangi ao yenye aluminiumu ndani ya ngozi yake ya kinga, kuliko zinki tupu.

PAA YA PANDE 4

Watu wanaogopaka hii. Meta kare zake ni sawa na za pande 2 kama mteremko na upenu ni sawa. Kinachoongezeka ni kukata kwa mshazari, na fetieri. Kwa nyumba ileile na upenu 50 pande zote, paa ni 9 kwa 7, kilele kinakuwa 9 − 7 = mita 2 tu, lakini unapata mishazari 4 ya kona. Kila kona: 3.50 mara 3.50, jumlisha tena 3.50 mara 3.50, jumlisha 1.05 mara 1.05, mzizi wake ni 5.06. Fetieri 3 kila kona ni 12, na 2 za kilele, 14 pahali pa 5. Kwa manjanja, hesabu kila mstari kwa urefu wake, ule wa katikati ni mrefu, wa pembeni mfupi, na vipande vya pembe tatu vyenye vinakatwa upande mmoja vigeuze uviweke upande wa pili. Hata vile ongeza 15 kwa mia.

BG NI NINI, NA KUNUNUA

Namba ya BG ikipanda, manjanja inapungua unene. BG 28 ni karibu milimita 0.40, BG 30 karibu 0.31, BG 32 karibu 0.25. Watu wengi wanafikiri 32 ni kubwa kuliko 28. Mtu mwenye hajui anauziwa nyepesi na bei ya nzito, na alama yenye wanagonga juu ya manjanja haitoshe kuamini. Shika manjanja mbili za aina tofauti, uzinyanyue kwa kona, utasikia uzito. Ukipata rafiki mwenye iko na kile chombo cha mafundi wa gari cha kupima unene, mwende pamoja.

Nunua zote mara moja pahali pamoja. Ukiongeza baadaye pengine utapata migongo yenye hailingani, na maungio hayatalala.

Hesabu moja moja zikipakiwa na moja moja zikishushwa. Zikienda na chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, zifungwe zimelala juu ya mbao mbili ndefu, zisining'inie nyuma zikaburuzwa juu ya mawe, ule mkwaruzo njo kutu ya kesho. Nyumbani zisilale chini zimebanana na zimeloa, maji ikikaa kati ya mbili zinaota weupe kabla hazijapanda. Ziegemeze, zipate hewa.

KIPIMO CHA MWISHO

Manjanja usizinunue siku moja na mbao. Nunua mbao kwanza, fundi apandishe ferme na pane, kisha panda wewe mwenyewe na mita upime tena, juu kile kiko juu sasa njo nyumba ya kweli, ile ya kwa kaye ilikuwa ya kufikiria. Mwaka uliofuata tulifunika nyumba ingine ya vipimo vilevile kwa ndugu yangu mu Buhene, na nilipima vile. Urefu wa pane ulitoka 8.86 pahali pa 8.80, mshazari wa mbele 3.66, wa nyuma 3.72. Tukarudia hesabu tukiwa tumekaa juu ya ferme: 8.86 − 0.83 ni 8.03, ÷ 0.70 ni 11.5, bado mistari 13. Kwa nyuma 3.72 na zile 5 ni 3.77, kipande kinakuwa sentimita 97, na vitatu vyake ni 2.91, bado vinatoka ndani ya manjanja moja. Tukashuka, tukaenda kununua 36, na jioni ya siku ya tatu ilibaki moja imeegemea ukuta.